Mashine ya kutembelea haimwelewi mvaaji: dalili, visababishi na pa kuanzia kutafuta

Mwongozo huu ni wa mafundi, wanafunzi wa uhandisi tiba na wataalamu wa viungo wanaomhudumia mtu aliyepooza miguu na kupewa mashine ya kumtembeza. Mashine hizo ni za aina mbili. Ya kwanza husisimua misuli yake mwenyewe kwa umeme kupitia elektrodi za kubandika kwenye ngozi. Ya pili ni eksoskeletoni, fremu ya kuvaa yenye mota kwenye nyonga na magoti. Nazungumzia zile ambazo nia ya mtu husomwa na mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano: vihisi hubandikwa kwenye misuli iliyo juu ya jeraha, mgongoni au mabegani, mtandao unasoma umeme wa misuli hiyo kisha unaamua: simama, hatua ya kushoto, hatua ya kulia, keti.

Wazo hili si geni. Kralj na Bajd kule Ljubljana waliwatembeza watu kwa chaneli nne tu za umeme, mbili za kunyoosha magoti na mbili za kukunja miguu, na amri ilitoka kwenye kitufe cha mkononi. Daniel Graupe wa Chicago alianza kusoma misuli ya juu ya jeraha katika miaka ya 1980, akaja kuongeza mitandao ya neva muongo uliofuata. Lakini Parastep, mashine iliyotokana na kazi yake na kupata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 1994, iliingia sokoni ikiwa na vitufe kwenye fremu ya kutembelea. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ushauri wangu wa kwanza ni huu: hata mtandao wako uwe mzuri kiasi gani, kitufe usikitoe. Siku mtandao ukikwama, mtu yuko wima katikati ya chumba na anahitaji njia ya kuketi.

Kabla ya kufungua laptopu

Dalili ikitokea, mkono wa fundi hukimbilia laptopu. Uzuie. Mwangalie mtu kwanza, hasa kama jeraha lake liko kwenye pingili ya T6 au juu zaidi (T ni pingili za kifuani, L za kiunoni, na huhesabiwa kutoka juu kwenda chini). Kwa watu hao, kitu chochote kinachoumiza mwili chini ya jeraha, hata kama wao hawakihisi, kinaweza kupandisha presha ghafla hadi kuleta kiharusi. Dalili zake ni kichwa kugonga, jasho usoni na shingoni, pua kuziba na vinyweleo kusimama. Vitabu vingi huongeza "uso kuwa mwekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Weka kiganja kwenye shavu na shingo, usikilize joto na jasho.

Ukiziona dalili hizo, simamisha zoezi, mketishe wima miguu ikining'inia, legeza mikanda yote, kisha tafuta kilichomuumiza: mpira wa mkojo uliojikunja, choo kilichokaza, mkunjo wa soksi, kucha iliyoingia nyamani. Pima presha kila dakika chache. Kumbuka kwamba presha ya kawaida ya mtu mwenye jeraha la juu huwa chini, mara nyingi kati ya 90 na 110 kwa namba ya juu. Kwa hiyo 140, ambayo kwa mwingine isingemtisha mtu, kwake ni dharura. Isiposhuka, hospitali mara moja. ReWalk, eksoskeletoni ya kwanza kuruhusiwa Marekani kutumika nyumbani (2014), iliruhusiwa huko kwa majeraha ya T7 hadi L5 tu, na hata hao wawe na msaidizi aliyefunzwa. Wa T4 hadi T6 waliruhusiwa kuitumia ndani ya vituo vya tiba peke yake.

Kingine cha kukagua kwa mikono ni goti na muundi. Mifupa ya miguu iliyopooza hudhoofika, hasa karibu na goti, na inaweza kuvunjika pasipo mtu kusikia chochote. Mguu mmoja ukiwa umevimba na una joto kuliko mwenzake, leo hakuna kutembea. Huenda ni mfupa, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na vyote viwili ni kazi ya daktari.

Asubuhi anatembea vizuri, mchana mashine haimwelewi

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara tisa kati ya kumi nimelikuta kwenye ngozi. Mtandao hauijui nia ya mtu. Unaujua umeme wa misuli kama ulivyopita kwenye ngozi ya saa ile ulipofundishwa. Jasho likitoka, njia ya umeme inabadilika. Elektrodi ikiteleza sentimita moja, inasikia sehemu nyingine ya msuli au msuli wa jirani. Kwa macho yako mtu anafanya kitendo kilekile, lakini kwa mtandao anaongea lugha ambayo haujawahi kufundishwa.

Anza kwa kuangalia wimbi ghafi la kila chaneli, kabla ya vichujio. Mwambie ainue bega mara tano, apumzike, arudie. Chaneli iliyokuwa na vilele virefu asubuhi na sasa ni vifupi, au yenye mvumo mzito wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani, ndiyo yenye tatizo. Fungua, futa ngozi kwa spiriti, kausha, bandika upya. Mahali pa elektrodi pawekewe alama kwa kalamu isiyofutika haraka, na mwenyewe au anayemvalisha aweze kuiona alama hiyo bila wewe kuwepo.

Ukishafanya hayo na bado ni kuyumba, hapo ndipo ufikirie mafunzo. Kosa ninalolikuta kila mara ni mtandao uliofundishwa kwa data za siku moja, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Kusanya data za siku kadhaa: akiwa amechoka, akiwa na jasho, baada ya elektrodi kubandikwa upya na mkono wa mtu mwingine. Kisha weka zoezi fupi la dakika mbili la kupima upya kila anapovaa, ambalo linarekebisha ukubwa wa kila chaneli bila kuugusa mtandao wote. Nimeona mafundi wakifundisha mtandao mzima upya kila alasiri. Wanaufundisha kulizoea tatizo ambalo kitambaa na spiriti vingeliondoa.

Walioweka vihisi ndani ya fuvu wameepuka jasho kabisa. Huko Grenoble, timu iliyotangaza kazi yake mwaka 2019 ilimwekea kijana aliyepooza mikono na miguu vifaa viwili juu ya utando wa ubongo, kila kimoja na elektrodi 64, akaiendesha eksoskeletoni kwa fikra. Lakini hata yeye mwili wake ulishikiliwa na mkanda kutoka darini kwa ajili ya mizani. Kusoma nia na kusimama bila kuanguka ni kazi mbili tofauti, na mtandao wako unafanya ile ya kwanza tu.

Mguu unajirusha bila kuamriwa

Hapa usikimbilie kisababishi kimoja. Nitavipanga kwa namna ninavyovikagua.

Cha kwanza ni umeme wa mashine yenyewe. Misuli hutoa umeme wa sehemu ndogo ya volti moja, kwa kawaida chini ya milivolti chache. Kisisimuzi kinasukuma makumi ya volti na zaidi kwenye ngozi ya mwili uleule. Kihisi cha mgongoni kinausikia mpigo wa pajani, mtandao unaudhania kuwa nia, unaamuru hatua. Hatua hiyo inaleta mipigo mingine, na mzunguko unajilisha wenyewe. Kuijua ni rahisi: chora wigo wa masafa ya ishara, yaani grafu ya nguvu yake kwa kila idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi). Kama kisisimuzi kinapiga hezi 25 na unaona vilele kwenye 25, 50, 75, 100, umempata mwizi. Dawa ni kuziba masikio ya kihisi kwa milisekunde chache kila mpigo unapotoka. Vifaa vyote viwili vitumie saa moja, la sivyo kuziba kutakuwa kwa kubahatisha.

Cha pili ni moyo. Vihisi vya kifuani na mgongoni huusikia. Kama hatua za uongo zinakuja kwa mdundo wa karibu mara moja kwa sekunde, mshike mtu mkono kwenye kifundo na uhesabu mapigo huku ukitazama kioo. Kichujio kinachokata masafa ya chini ya hezi 30 kitapunguza sehemu kubwa, na kusogeza kihisi mbali na upande wa kushoto wa kifua kutapunguza zaidi.

Cha tatu ni maisha ya kawaida. Mtu anakohoa, anapiga chafya, anacheka, anageuka kumwitikia mtoto, ananyoosha mkono kuchukua kikombe. Misuli yote hiyo ya juu inafanya kazi. Kama ulifundisha mtandao makundi manne tu ya amri, umeulazimisha kuipa kila kikohozi jina moja kati ya hayo manne, na utalitoa jina hilo kwa kujiamini kabisa. Ongeza kundi la tano, la "si amri", ulijaze hasa: kikohozi, kicheko, mazungumzo ya simu, kujikuna, kuvaa koti. Mimi huketi na mtu tukapiga soga nusu saa huku vihisi vikirekodi, na data za nusu saa hiyo zimezuia maanguko mengi kuliko tabaka zozote nilizowahi kuongeza kwenye mtandao.

Cha nne ni misuli yenyewe kukakamaa. Hapa nina kisa, na bado kinaniuma.

Nilikuwa namhudumia mzee mmoja, dereva wa lori kabla ya ajali, jeraha lake likiwa T10. Siku hiyo alikuja, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, huu mguu wa kulia leo una wazimu." Kweli, kila akisimama paja lilikuwa likiruka na goti kujikunja. Nikafungua laptopu. Nikakagua mipigo, nikabadilisha kichujio, nikaufundisha mtandao upya kwa data za asubuhi ile. Saa mbili zikapita na mzee ameketi ananisubiri kwa subira. Akaingia dada wa mazoezi ya viungo, hakutazama kioo wala nini. Alipiga magoti, akaingiza vidole chini ya mkanda wa paja, akauliza, "Babu, mfuko wako mbona mkavu tangu asubuhi?" Mpira wa mkojo ulikuwa umebanwa na mkanda nilioufunga kwa mikono yangu. Akaulegeza, mkojo ukatiririka, na kabla ya robo saa kupita mguu ulikuwa umetulia. Kama jeraha lake lingekuwa juu ya T6, zile saa mbili zingeweza kumuua.

Kwa hiyo mikazo ikizidi ghafla kuliko jana, uliza mkojo, choo, homa, kidonda, kiatu kipya. Maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi hujitangaza miguuni kabla ya kipimo. Kagua pia makalio na visigino kutafuta vidonda vya mgandamizo vinavyoanza: kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta pang'avu, pagumu au penye joto kuliko pembeni.

Mtandao una usahihi wa asilimia 97, lakini mtu anaogopa kuutumia

Muamini mtu. Piga hesabu: mtandao unaotoa uamuzi kila milisekunde 50 unaamua mara 20 kwa sekunde. Asilimia 3 ya makosa ni makosa 36 kwa dakika moja. Hayaji yametawanyika sawasawa, yanajazana pale mtu anapobadili kitendo, wakati uzito uko nusu mguu huu na nusu ule. Pabaya kuliko pote.

Halafu chunguza hiyo 97 yenyewe ilipatikanaje. Tangu Hudgins na wenzake wa New Brunswick, Canada, watoe mfumo wao wa mikono bandia mwaka 1993, desturi imekuwa kuikata ishara katika madirisha mafupi ya milisekunde 200 hivi, na siku hizi madirisha hayo hupandana. Ukiyachanganya kama karata kisha ukagawa ya kufundishia na ya kupimia, dirisha la mtihani linakuwa pacha wa dirisha la somo, kwa kuwa yanashiriki milisekunde 150 kati ya 200. Huo ni mtihani ambao mwanafunzi ameshaonyeshwa majibu. Gawa kwa siku: fundisha kwa Jumatatu hadi Alhamisi, pima kwa Ijumaa. Namba itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo atakayoishi nayo nyumbani.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kura: hatua isitoke mpaka maamuzi kadhaa mfululizo yakubaliane. Ya pili, nayo ni muhimu zaidi, ni kutoupa mtandao neno la mwisho. Mtandao upendekeze, na swichi za mgandamizo chini ya soli ziidhinishe. Hatua ya kushoto iruhusiwe pale tu uzito ukiwa mguu wa kulia, mikono yote miwili imeegemea fremu, na hatua iliyotangulia imekwisha. Makosa pia hayana bei moja. Hatua iliyokosekana inagharimu sekunde moja, hatua ya uongo inaweza kugharimu mfupa wa paja. Weka kizingiti cha hatua juu sana, na mtandao ukiwa na shaka jibu liwe "endelea kusimama".

Nasisitiza: "kusimama", si "zima". Kwenye mashine ya kusisimua misuli, mtu amesimama kwa sababu umeme unayashika magoti yake. Programu iliyoandikwa ikate umeme kila inapokosea itamwangusha. Nimekuta kosa hili kwenye miradi ya wanafunzi wazuri kabisa, kwa sababu walizoea kwamba kuzima ndiyo usalama.

Hatua inachelewa

Jumlisha muda: dirisha, kura, hesabu, kisha msuli wenyewe ambao unahitaji makumi ya milisekunde kujenga nguvu. Kikomo kinachotajwa sana kwa mashine za namna hii ni milisekunde 300 tangu nia hadi kitendo. Ukizidi, mtu huanza kurudia amri akidhani haikusikika, na mashine inapokea amri mbili. Ukiona hatua zinakuja mbilimbili, usitafute kosa kwenye mtandao, tafuta ucheleweshaji. Punguza urefu wa kura kabla ya dirisha.

Magoti yanalegea baada ya dakika chache

Kwa eksoskeletoni, angalia betri na joto la mota, kisha kama mikanda imeshuka na kiungo cha mashine hakilingani tena na goti la mtu. Hapo huwa pamekwisha.

Kwa kusisimua misuli, hii ni hadithi nyingine. Misuli ya mtu asiyepooza hupokezana kazi: nyuzi hizi zikichoka, nyingine zinaingia. Umeme wa juu ya ngozi haujui kupokezana. Unaziita nyuzi zilezile, zote kwa pamoja, mpigo baada ya mpigo, zikiwemo zile zenye nguvu ambazo huchoka upesi. Mtandao uliofundishwa kwa msuli mbichi utaendelea kutoa kiasi kilekile cha umeme wakati msuli umebaki na nusu ya nguvu. Ukiufundisha kufidia, utaongeza umeme mpaka kikomo, na kuongeza huko kunauchosha msuli upesi zaidi.

Chora mistari miwili kwenye grafu moja: pembe ya goti na kiasi cha umeme. Umeme ukipanda huku goti likizidi kujikunja, ni uchovu, na hakuna mafunzo ya mtandao yatakayoutibu. Shusha kasi ya mipigo kuelekea hezi 20 kama goti bado linashika. Weka kikomo kinachomwonya mtu aketi wakati bado ana akiba ya kutosha ya kuketi taratibu. Na rudini kwenye mazoezi: misuli ya mapaja inahitaji wiki nyingi za kusisimuliwa akiwa ameketi kabla haijadaiwa kubeba mwili. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayorukwa.

Kuna jambo moja linalofanana na uchovu lakini silo. Hatua zinafupika, paja halipandi, ilhali magoti yanashika vizuri. Katika mfumo wa Ljubljana na uliofuata, mguu haukunjwi na msuli mmoja mmoja, bali kwa kuushtua mshipa wa fahamu ulio pembeni chini ya goti, na mwili unaukunja mguu wote kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mwiba uleule ukirudiwa mara mia, mwili unauzoea. Mpumzishe, au badilisha nguvu ya mpigo kati ya hatua na hatua badala ya kuipandisha moja kwa moja.

Kidole cha mguu kinaburuza

Kiatu kwanza: soli nene, kiatu kikubwa, soksi iliyokunjamana. Kisha kifundo kilichokaza kwa kukosa kunyooshwa. Mtandao uwe wa mwisho.

Msuli haujibu kabisa, hata umeme ukiwa juu

Badilisha elektrodi, badilisha waya, jaribu chaneli hiyo kwenye msuli wako mwenyewe kwa umeme mdogo. Ikiwa wewe unaruka na yeye hata hatikisiki, usiongeze tena, utaunguza ngozi isiyosikia maumivu. Kusisimua kwa umeme kunategemea neva zinazotoka uti wa mgongo kwenda kwenye msuli ziwe hai. Kwa aliyeumia juu, kifuani au shingoni, mara nyingi ziko hai, zimekosa tu amri kutoka ubongoni. Kwa aliyeumia chini kabisa ya mgongo, ambako neva zenyewe zimekatika, haziko. Na kwa aliyepooza kwa polio, virusi viliua chembe zilizokuwa zikiuendesha msuli ule.

Kwetu Afrika Mashariki watu wa polio bado ni wengi, wengi wao watu wazima wanaojitegemea, na wanapoona video za mashine hizi huuliza kama ziko kwa ajili yao. Kwa misuli ile isiyojibu, kisisimuzi si chao, hata mtandao uwe na akili kiasi gani. Mota za eksoskeletoni au vyuma vya kawaida vya miguu vinaweza kuwa vyao, kutegemea nguvu ya mikono na hali ya viungo. Jaribio la kujua ni la dakika tano, kwa kisisimuzi kidogo cha mkononi. Lifanye siku ya kwanza anapokuja, umpe jibu palepale, kabla familia haijaanza kuchanga pesa.